Mwaka Tuliobishania Damu

Solange alinipigia simu kutoka Kampala Jumapili moja nikiwa nachambua maharagwe, akaniambia jina la kitu kilichotutoa roho mwaka mzima pale Rwambuzi, mtaa wetu wa Bunia. "Inaitwa P2RY12," alisema. Nilimwomba arudie, akarudia. Nikamuuliza kama hilo ni jina au ni namba ya gari. Akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema ni jeni, kwamba daktari wake alituma damu yake ng'ambo ikapimwe na jibu limerudi. Mimi sikucheka. Nilikaa na ungo magotini, nikasikia hasira ya zamani inanipanda kama vile mambo yale yametokea jana. Watu wazima wenye akili zao waligombana, wakasusiana, nusura wachomeane tena nyumba, na kumbe mkosaji alikuwa kitu kidogo hivyo, kisichoonekana hata kwa hadubini ya shule yetu. Nilimwambia Solange, "Weye ungezaliwa mu Kampala tungepumzika." Akaniambia nimezeeka vibaya. Labda ni kweli, lakini nina sababu.

Mwaka huo bunduki zilikuwa zimenyamaza Bunia, ila hazikuwa zimeenda mbali. Watu walirudi sokoni, shule zilifunguliwa, harusi zilifungwa, na kila mtu alijua ni barabara gani haipitiki baada ya jua kuzama. Mimi nilikuwa nimetoka Marabo kusomea kazi ya maabara, nikapanga chumba cha nyuma kwa bibi yake Solange, ambaye wote tulimwita Tate, kama tunavyowaita bibi zetu huku. Chumba changu kilitenganishwa na sebule kwa ukuta wa mbao uliobandikwa magazeti ya zamani ya Kifaransa, kwa hiyo nilisoma siasa za watu waliokwisha kufa huku nikisikia siasa za walio hai. Katika nyumba ile aliishi Tate, aliyekimbia vilima vya Djugu na sufuria mbili na Biblia. Aliishi mkwe wake, Mama Solange, mwanamke wa maneno machache. Na Solange mwenyewe, binti wa sekondari, mrefu, mwepesi wa kucheka. Baba yake alikuwa anachimba dhahabu Nizi na tulimwona mara chache, akija na matope kwenye viatu na usingizi machoni. Tatizo, kama tatizo lazima liwepo, ni kwamba Mama Solange alitoka kabila la upande wa pili wa vita. Sitaandika majina ya makabila. Mtu wa Bunia ameshaelewa, na asiye wa Bunia hatapungukiwa. Walioana kabla ya vita, wakati ndoa kama ile ilikuwa ndoa tu, ng'ombe walitolewa, watu wakala, wakacheza, wakaenda kulala.

Kabila langu mimi halikuwamo katika ugomvi wao, na hilo lilinigharimu. Wakati ule mgeni wa upande mmoja akiingia nyumba ya upande wa pili hakunywa kitu mpaka mtu mwingine anywe kwanza. Hakuna aliyesema neno sumu, Mungu apishe mbali, lakini kikombe kilikaa mezani kikipoa na kila mtu akakitazama. Mwenye nyumba akionja mwenyewe, mgeni angeweza kusema amekunywa dawa ya kuzuia kabla. Kwa hiyo nilihitajika mimi. Niko chumbani nakariri majina ya vimelea vya malaria, nasikia Tate anaita, "Labo! Weye Labo, kuya hapa!" Jina langu alikuwa amekwisha kulisahau, aliniita kwa kazi yangu. Natoka, nakunywa chai ya mtu, naonja maziwa ya mtu, nang'ata mandazi ya mtu, wote wananitazama nimeze, kisha narudi kwenye malaria yangu. Nilinenepa mwaka ule kwa sababu ya amani.

Sasa Solange. Ngozi yake ilikuwa haiwezi kuguswa. Akibeba bidoni ya maji, jioni paja lina alama ya bluu pale bidoni ilipogonga. Ukimshika mkono umvute mtoni asiteleze, kesho vidole vyako vinaonekana mkononi mwake kama umevichora. Pua ilimtoka damu darasani, kanisani, kwenye foleni ya maji, na haikukatika upesi kama ya watu wengine. Alijikata na wembe wakati anachonga penseli, tukabadilisha vitambaa mpaka kitanda chote kikawa kama mahali palipochinjwa kuku. Yeye mwenyewe hakuogopa. Alichoogopa ni watu. Katika joto la kiangazi alivaa sweta la mikono mirefu hadi jasho linamtiririka shingoni, na nilipomwambia alivue aliniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto. "Nikivaa mikono mifupi, Noko anaona. Noko akiona, analeta watu. Unataka vita ianze juu ya mukono yangu?" Msichana wa sekondari, jamani, amebeba amani ya mji ndani ya sweta.

Noko, mjomba wake, kaka wa mama, aliona hata hivyo. Alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia ya kahawia, ng'ombe zake nyingi zilichukuliwa wakati wa vita na zilizobaki alizipenda kwa wivu. Kila wiki alileta maziwa kwa dada yake, akisimama nje ya lango, haingii. Siku ile Solange alipokea kibuyu, mkono wa sweta ukapanda, na Noko akaona alama kuanzia kifundo hadi kiwiko. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alikuja na wazee wawili na mara hii aliingia. Nilisikia viti vikivutwa. Nilisikia Tate akiwakaribisha kwa sauti tamu mno, nikajua mambo yameharibika. Nikaitwa, nikaonja chai, nikataka kuondoka, nikaambiwa nibaki.

"Mama," Noko alimwambia Tate, na kwa heshima alivua kofia, "siye tulitoa dada yetu hapa na tukakula ngombe yenu. Hatuna neno. Lakini mutoto iko na alama mwili muzima. Tunauliza tu: ni nani anamupiga?"

"Hapa hakuna mutu anapiga mutoto," Tate alisema.

"Basi alama inatoka wapi?"

"Inatoka kwenu!" Tate aliweka kikombe chini. "Ku vilima vyetu hakuna mutu alikuwa na damu ya vile. Ile ni damu ya kwa mama yake. Mulitupatia mwanamuke wa damu ya maji, sasa munakuya kuuliza siye?"

Wazee wale waliguna. Mama Solange alikuwa mlangoni na sinia la viazi vitamu, aliliweka mezani na kurudi jikoni. Noko alinigeukia. "Weye mademoiselle, unaishi hapa. Unasikia mutoto akilia usiku?" Nikamwambia hapana, sijasikia, na nimemwona mwenyewe akipata alama kwa bidoni tu. Noko akasema nimelishwa. Tate akasema aliyeniona nikinenepa ananionea wivu. Solange aliingia kutoka uani na sweta lake, akasimama katikati yao. "Miye si mbuzi ya soko," alisema, "munanishika munaangalia meno. Niko nasikia." Akaambiwa atoke, watu wakubwa wanazungumza. Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na ngoma ya siku ile ilikuwa ngozi ya binti wa watu.

Nilifikiri, kwa ujinga wa ujana, kwamba sayansi ingewanyamazisha. Nilimpeleka Solange kwenye maabara ya shule. Kuna kipimo rahisi: unachoma ndewe ya sikio kidogo, kisha unagusisha karatasi ya kunyonya kila baada ya muda mfupi, mpaka karatasi itoke safi. Kwa mtu wa kawaida inatoka safi kabla hujachoka kusimama. Karatasi ya Solange haikutoka safi. Niligusisha, doa, niligusisha, doa, wenzangu wakaja kutazama, wakaenda kula, wakarudi. "Labo," aliniambia, "karatasi ikiisha utatumia nini, shati yako?" Nikahesabu plaketi zake, zile chembe ndogo za damu zinazokimbilia jeraha na kuliziba. Zilikuwa tele, nzuri, za kupigiwa picha. Nikaweka damu kwenye kioo nione kama inaganda: iliganda kama ya mtu mwingine yeyote. Mwalimu wetu alitazama yote, akarudia kuhesabu, akavua miwani. "Normal," alisema. "Plaketi normal, kuganda normal. Ile ya sikio, ulichoma sana, mademoiselle." Nilitaka kumchoma yeye tuone. Lakini kusema haki, Bunia nzima hapakuwa na mashine ya kutuonyesha zaidi ya hapo.

Nilirudi nyumbani na neno lile moja, normal, nikidhani nimeleta maji ya kuzimia moto. Tate alipiga makofi. "Umeona? Damu ya kwetu ni nzima, hata Wazungu wanajua. Yenye inatokatoka njo ile ya mama yake." Noko nilimkuta langoni na kibuyu, nikamwambia vilevile. Akapiga paja. "Umeona? Damu ni nzima. Basi wanamupiga." Jibu moja, pande mbili, kila mmoja kaenda nalo kwake akiwa ameshiba. Nilikwenda chumbani kwangu nikajilaza na viatu, nikatazama magazeti ya ukutani, nikajiuliza kwa nini sikusomea ushonaji.

Leo ninajua, kwa kuwa Solange amenieleza na mimi nimewasumbua vijana wa kazini wanieleze tena, kwamba mimi na mwalimu wangu tungeweza kupima mpaka mwisho wa dunia bila kuona. Plaketi zake zilikuwa nyingi na nzima isipokuwa kitu kimoja. Mshipa ukipasuka, plaketi za kwanza zinafika na kumwaga kemikali, ni kama kupiga yowe ili majirani waje. Kila plaketi ina, juu ya ngozi yake, kipokezi cha kulisikia yowe hilo, tuseme sikio. Jeni ile yenye jina la namba ya gari ndiyo maelekezo ya kutengeneza sikio. Maelekezo ya Solange yana kosa, kwa hiyo plaketi zake ni kijiji cha viziwi: wa kwanza wanafika, wanapiga yowe, wengine wanapita zao na damu inaendelea kutoka. Hayo ni madogo. Kilichonifanya niweke ungo chini ni alichosema baadaye. Kila mtu anapata nakala mbili za jeni hiyo, moja kwa baba na moja kwa mama. Nakala moja ikiwa mbovu, haumwi, huna alama, unazeeka na kofia yako ya kahawia bila kujua. Ili uwe kama Solange lazima upate mbovu kutoka pande zote mbili. Na kosa lake, kwa baba na kwa mama, ni lile lile, herufi kwa herufi. Daktari alimwuliza kama wazazi wake ni ndugu. Solange alicheka mpaka nesi akaja. Hakuna wa kuthibitisha sasa, lakini daktari anaona kuna mtu mmoja wa zamani, mwanamume au mwanamke, ambaye ukoo wa Tate na ukoo wa Noko wote wametokana naye. Yaani walikuwa wanagombania nani aliyeleta, kumbe walileta wote, na walikuwa ndugu walipokuwa wanaleta. Niambie mtu asikasirike hapo!

Basi, mwishoni mwa mwaka ule Solange akaumwa jino. Gego la nyuma, shavu limevimba, halali. Tate alimpa aspirini za kioski, kwa upendo wote, na Noko aliposikia akatuma aspirini nyingine, maana hakutaka dawa ya upande mmoja tu ifanye kazi. Wakati ule hakuna kati yetu aliyejua kwamba aspirini huzidi kuinyamazisha damu ambayo tayari haisikii. Alipelekwa kung'oa. Jino lilitoka vizuri, damu ikafuata, na haikusimama. Tulimpa pamba akang'ata, ikalowa, tukampa nyingine. Kesho yake alikuwa anatema mabonge, na keshokutwa midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu na alipotaka kusimama aende chooni alianguka mikononi mwa mama yake. Tulimpakia kwenye pikipiki katikati yangu na dereva, kichwa chake begani kwangu, sketi yangu ikalowa mpaka hospitali.

Nilikuwa nafanya mafunzo ya vitendo katika maabara ya hospitali ile, kwa hiyo nilimwona daktari wa zamu akimfunua kope. Alikuwa kijana, amechoka, hana subira. Alisema anahitaji damu, na si ya friji, kwanza friji ni tupu. Anataka damu mbichi, inayotoka mwilini mwa mtu sasa hivi, yenye plaketi zilizo hai. "Jamaa iko wapi? Mulete watu. Bila damu leo, huyu mutoto hafiki kesho." Jamaa ilikuwapo, usijali. Habari zilikuwa zimekimbia kuliko pikipiki yetu. Uani kwa hospitali, upande wa bomba la maji walikaa watu wa Tate, upande wa jiko la wagonjwa walikaa watu wa Noko, na katikati nguo za wagonjwa zilikuwa zimeanikwa.

Solange alikuwa kundi O, naye hupokea O tu. Vijana wa upande wa baba walikuja wamekunja mikono ya mashati, wanajigamba, nikawapima mmoja mmoja: A, A, B, tena A. O mmoja alipatikana, anatetemeka kwa malaria. Baba mwenyewe alikuwa Nizi, simu yake haipatikani. Mama yake alikuwa B. Nikavuka nguo zilizoanikwa nikampima Noko, kwa shida, akilalamika. Noko alikuwa O, mzima, mnene, mwenye damu ya kutosha watu wawili. Nilirudi mbio na habari njema, na hapo ndipo nilipotamani kulia. Tate alisimama mlangoni pa maabara akapanua mikono. Damu ya watu waliochoma nyumba yake haiingii kwa mjukuu wake, alisema. Ndiyo hiyo hiyo mbovu inayomwua, leo mnataka kumwongezea? Na Noko, badala ya kumpuuza na kuja kukaa kwenye kiti changu, akajibu kutoka ng'ambo ya nguo kwamba naye hatoi damu yake mikononi mwa watu waliokula ng'ombe zake, nani ajuaye watakachoifanyia. Wazee wakasimama. Vijana wakaanza kuangaliana. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji; hawa walikuwa wanauliza kabila la uji. Nilipiga kelele kwamba damu ni damu, nimeipima, ni O, hakuna aliyenisikia. Daktari alitoka, akatazama, akasema neno moja la Kifaransa nisiloweza kuliandika.

Mama Solange alitoka wodini. Kanga yake ilikuwa imelowa kifuani, alikolaza kichwa cha mtoto. Mwaka mzima nimeishi naye ukuta kwa ukuta na sikumbuki kama nilimsikia akipandisha sauti, na hata siku ile hakuipandisha. Alisimama kati ya nguo za wagonjwa, mkwe wake kushoto, kaka yake kulia.

"Mu ile miaka yote mulimwanga damu," alisema. "Mulimwanga ku Djugu, mukamwanga hapa mu mji, mukamwanga ku barabara. Hakuna mutu aliuliza ile ni ya nani. Leo miye naomba mufuko moja. Moja tu. Sasa njo munaanza kuuliza?"

Hakulia, hakungoja jibu, aligeuka akarudi wodini kwa mtoto wake. Noko alibaki amesimama, kofia mkononi, anaizungusha. Kisha alivuka pale kati, akainama kupita chini ya shuka lililoanikwa, akafika mlangoni alipokuwa Tate. Walitazamana. Sijui kila mmoja aliona nini kwa mwenzake. Tate alishusha mkono mmoja, halafu wa pili, Noko akapita akakaa kwenye kiti changu na kunyoosha mkono bila kuangalia sindano.

Mfuko ulijaa. Niliufunga, nikaulinganisha na damu ya Solange kwa mara ya mwisho, nikatoka nao, bado una joto la mtu. Tate alikuwa ananingoja nje. Nilikaza moyo, nikajiandaa kugombana na bibi wa watu mbele ya hadhara. Lakini alivua kitenge cha mabegani akakishika juu ya mikono yangu, kumbe jua lilikuwa kali na aliogopa litaiharibu damu. "Tembea polepole, Labo," aliniambia. "Usimwange." Nilitaka kumweleza kwamba ule ni mfuko wa plastiki, umefungwa, haumwagiki hata nikianguka nao. Mwaka mzima nilikuwa nimewaeleza watu wale mambo. Nilitembea polepole. Yeye alikwenda kando yangu, kitenge juu, mkono wa pili ukiwasukuma watu. "Mupishe! Mupishe njia, anapita na damu!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapika jikoni pale, mgeni kabisa, hajui lolote, aliinua kichwa kutoka kwenye sufuria. "Damu ya nani, mama?"

"Ya Solange," Tate alijibu, na hakusimama.